Mwisho wa Juma Mjini, na Mti wa Karani

Wasomaji wangu wapenzi, juma lililopita niliahidi kwamba leo tungezungumza juu ya kuhifadhi mbegu za viazi. Nawaomba radhi. Viazi vitangoja, kwani mambo yaliyonipata nyumbani kwangu Kangemi siku ya Jumamosi na Jumapili yangali yananizunguka kichwani, na mtu akiandika jambo moja huku akifikiri jingine huharibu yote mawili.

Habari yenyewe ni ya paka. Najua kwamba miongoni mwenu wako wakulima ambao kwao paka ni mfanyakazi kama wafanyakazi wengine, mwenye ghala lake la kulinda na mshahara wake wa panya, na hamjapata hata siku moja kujiuliza alala wapi. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Walakini paka huyu si wangu kwa kumtafuta. Alikuwa wa marehemu mama yangu, naye ndiye aliyempa jina la Karani, kwa sababu tangu alipokuwa mdogo alipenda kukalia karatasi. Ukifungua gazeti, yeye yuko juu yake. Ukiandika barua, mkia wake umeshaufika wino. Mama alipougua ilibidi tumlete kutoka Bungoma aje akae karibu na hospitali, naye alikataa kupanda basi mpaka Karani atiwe kikapuni. Kikapu kile kilifungwa kwa kamba ya katani aliyoisokota mwenyewe. Mwezi wa Agosti mwaka jana tulimrudisha mama nyumbani kumzika. Karani akabaki kwetu.

Bibi yangu alimpokea vizuri, nami sharti niseme hivyo kabla ya kusema mengine. Shida ilianza mwezi wa Machi, alipoletwa sofa. Sofa hiyo hakuinunua kwa mshahara wangu, bali kwa fedha ya chama chake, aliyoiweka kidogo kidogo kwa muda wa miaka miwili. Ilitengenezwa na mafundi wa kando ya njia ya Ngong, nayo ina kitambaa cha rangi ya kahawia iliyoiva. Ilipotimiza juma la pili tu, pembe yake ya kulia ilikuwa imekwisha kuwa kama ndevu za mbuzi. Karani alikuwa akisimama pale kila asubuhi, anajinyosha, anaingiza kucha, anavuta. Tulimfukuza, tukampigia kelele, tukamwagia maji, tukafunika pembe kwa gunia. Akahamia pembe ya kushoto.

Ijumaa jioni bibi yangu aliniambia maneno haya, kwa sauti ya chini, na sauti ya chini ndiyo niiogopayo. "Baba Nekesa, mimi simchukii paka. Najua alikotoka. Lakini ile sofa nami najua ilikotoka. Jumatatu shemeji yako wa Uthiru atapita hapa na pikipiki. Ana kuku, na panya wanamsumbua. Mtie kikapuni."

Sikuwa na la kujibu. Uthiru si mbali, lakini shemeji yule ana mbwa watatu wasiofungwa, na Karani ni mzee wa miaka tisa. Bibi yangu alijua hayo nami nilijua kwamba anayajua. Nikasema, "Vema," kisha nikafanya kama wafanyavyo waume wengi wenye shida nyumbani. Nikakumbuka kwamba nilikuwa nimemwahidi binti yangu kumtembeza mjini.

Basi Jumamosi saa mbili tulipanda matatu, mimi na Nekesa, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja. Tulishuka kwa barabara ya Waiyaki, na juu yetu ilikuwa ile barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 1022 kama alivyosema Nekesa, nikamsahihisha kwamba ni 2022, naye akacheka sana kwa kuwa alikuwa akinijaribu kama ninamsikiliza. Barabara hiyo yatoka Mlolongo mpaka Westlands, urefu wa kilomita 27. Sisi tulio katika matatu twaitazama kutoka chini.

Watu wa Nairobi hatuujui mji wetu. Mgeni atokaye mbali huja na orodha ya mahali pa kutazama, ilhali mwenyeji wa miaka ishirini hupita pale pale kila siku akiwa na haraka ya kuingia ofisini, asione kitu. Kwa hiyo tulikwenda polepole. Tulipita mtaa wa Biashara, ambao zamani uliitwa Bazaar, tukatokea Msikiti wa Jamia wenye makuba yake matatu, na karibu yake, katika mtaa wa Banda, tukasimama mbele ya maktaba ya McMillan. Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 1931. Bibi Lucie McMillan alilijenga kwa ukumbusho wa mumewe, Northrup McMillan, Mmarekani tajiri aliyekuwa na shamba kubwa huko Ol Donyo Sabuk na akafariki mwaka 1925. Kwa miaka mingi, hata ilipokaribia Uhuru, Mwafrika hakuruhusiwa kuingia humo kusoma kitabu. Nilimweleza Nekesa jambo hilo. Aliangalia nguzo kubwa za mlangoni, kisha akauliza, "Na aliyefagia alikuwa nani?" Nikamwambia yumkini alikuwa Mwafrika. Hakusema neno tena juu ya hayo.

Hapo mlangoni wapo simba wawili wa mawe, mmoja kila upande, wametulia kama mabwana waliokula wakashiba. Nekesa alimkagua mmoja kwa muda mrefu, akimtazama hasa miguu. "Baba," akasema, "hawa hawawezi kuharibu sofa." Ndipo nilipofahamu kwamba alikuwa ameyasikia yote ya Ijumaa.

Tulipanda juu ya jumba la mikutano la Kenyatta, lile la mviringo lililomalizika mwaka 1973 kwa michoro ya Karl Henrik Nøstvik, aliyetoka Norway, na David Mutiso wetu wa hapa. Lina orofa 28, na kwa miaka mingi halikuwako jengo refu kuliko hilo katika Nairobi. Huko juu upepo ni mwingi, mshike mtoto mkono. Upande wa magharibi twaona milima ya Ngong na vifundo vyake, na mbele yake miti mingi ya Kilimani, Kileleshwa na Lavington, ambayo kwa mbali yafanana na shamba moja tu la kabichi. Kangemi yetu hatukuiona vizuri, ila mabati yaliyong'aa. Upande wa kusini ni mbuga ya wanyama, iliyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1946, ya kwanza katika nchi yetu, na ndani yake simba wa kweli wazunguka huku wakiona majumba ya mji.

Kutoka hapo tulishuka kwa miguu mpaka makumbusho ya reli, nyuma ya stesheni. Ikiwa una nafasi ya kwenda mahali pamoja tu katika mji huu, nakushauri uende pale. Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1971. Reli ilifika hapa mwaka 1899, mahali palipokuwa tope na matete, na kila kitu kingine cha Nairobi kimekuja baadaye kwa sababu yake. Nje yamesimama magari ya moshi ya zamani, makubwa, meusi na mekundu, na mtoto aruhusiwa kupanda na kushika vyuma. Ndani mna kiti cha mbao kilichokuwa kikifungwa mbele kabisa ya gari la moshi ili wageni wakubwa watazame wanyama njiani. Mmoja wao alikuwa Roosevelt wa Marekani, mwaka 1909. Nilijaribu kuwaza kukaa pale mbele, wadudu wakinipiga usoni na moshi ukinijia mgongoni. Hapana, asante.

Lakini kilichomshika Nekesa ni behewa moja la zamani lenye namba 12. Mwezi wa Juni mwaka 1900, mkubwa wa polisi wa reli, Bwana Charles Ryall, alikuwa ndani ya behewa hilo katika kituo cha Kima, huko Ukambani, pamoja na Wazungu wenziwe wawili. Simba mla watu alikuwa akiwasumbua wafanyakazi wa kituo kile, nao walikuja kumvizia. Walipeana zamu ya kukesha, na zamu ya Bwana Ryall ilipofika usingizi ukamchukua. Simba akapanda ngazi, akasukuma mlango, akamkanyaga mmoja aliyelala sakafuni, akamshika Ryall, akatoka naye dirishani. Behewa ni dogo. Ukiliona ndipo unapoelewa jinsi mnyama yule na watu watatu walivyobanana mle gizani.

Tuliketi chini ya kivuli tukala mihogo. Nilidhani mtoto atakuwa ameogopa, walakini alikuwa akifikiri mambo yake. Akauliza kama ni kweli paka na simba ni ndugu. Nikasema ni wa jamaa moja. Akauliza, je, simba naye hukwaruza? Nikasema naam, hukwaruza magamba ya miti. Nimepata kuona katika mbuga mti uliochanwa mpaka maji yake yanatoka. Akanyamaza kidogo, akafuta mikono kwa nguo yake, akasema:

"Basi Karani hana mti."

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa miaka hamsini na miwili, nimesoma, nimekaa ofisini, nimeandika ukurasa huu muda mrefu nikiwashauri watu juu ya ng'ombe, mahindi na ndoa. Jambo hilo halikunijia hata siku moja. Kule Bungoma alikuwa na miembe miwili, nguzo za ghala, na mlingoti wa ua. Sisi tulimleta katika nyumba ya mawe yenye sakafu ya saruji, tukamwekea kitu kimoja tu chenye kitambaa kigumu, kilichosimama imara, kirefu cha kumtosha kujinyosha. Kisha tukamwagia maji kwa kukitumia.

Usiku ule, baada ya wengine kulala, nilisoma habari za viumbe hawa. Paka hakwaruzi kwa uchokozi. Ukucha wake huota kwa tabaka, moja ndani ya jingine kama maganda ya kitunguu, na kwa kuvuta juu ya kitu kigumu hulivua ganda la zamani lililokufa na kubakiza jipya lenye ncha. Ukichungulia chini ya sofa utayaona maganda hayo, nami niliyaona. Tena, hujinyosha mgongo na mabega kama mtu aamkaye. Tena, katika nyayo zake mna harufu ambayo sisi hatuisikii, naye huiacha pale kama mtu atiavyo sahihi yake: hapa ni kwangu. Kwa hiyo huchagua mahali ambapo jamaa hupita na kukaa, wala hachagui uani au nyuma ya mlango. Kumkataza asikwaruze kabisa ni sawa na kumkataza kuku asichakure.

Nilisoma pia kwamba paka wote wa nyumbani duniani wametokana na paka-mwitu wa Afrika, ambaye mpaka leo yumo katika nyika zetu za Kenya. Hakuna aliyemshika kwa kamba. Watu walipoanza kulima na kuweka nafaka, panya walifuata nafaka, na paka akafuata panya. Katika kisiwa cha Kupro wachimbaji walikuta kaburi la mtu lenye umri wa miaka kama 9,500, na karibu yake, karibu sana, amezikwa paka. Niliposoma hayo nilizima taa.

Jumapili, tulipotoka kanisani, nilimwambia bibi yangu shauri langu: kwamba nitamtengenezea Karani mti wake, naye akiutumia kabla ya Jumatatu jioni, abaki, asipoutumia, aende Uthiru wala sitasema neno. Alinitazama. "Wewe, ambaye kile kiti cha jikoni kimengoja mguu tangu Krismasi?" Nikakubali aibu hiyo, kwa kuwa ni kweli. Akasema, "Haya, mpaka Jumatatu."

Kwa kuwa mtoto alitaka kuiona miti kwanza, tulipitia Lavington mpaka Arboretum, ile bustani ya miti iliyoko upande wa Kileleshwa, si mbali na Ikulu. Ilianzishwa mwaka 1907. Magari ya moshi wakati ule yalikula kuni kama moto wa nyika, misitu ya karibu ikawa inakwisha, hivyo serikali ilitaka kujua ni miti gani ya kigeni iwezayo kukua upesi hapa. Wakaijaribu pale. Leo kuna eneo la hekta kama 30, na miti ya namna zaidi ya 300, mingine ya kwetu na mingine ya nchi za mbali, kila mmoja umekuwa mrefu kupita haja ya aliyeupanda. Watu huja kutembea, kuomba, kupiga picha za arusi. Tumbili huja kuiba. Mmoja alichukua ndizi ya Nekesa mkononi, kwa heshima kabisa, bila kumgusa kidole. Sisi tulishikashika magamba ya miti. Mengine ni laini mno, mengine yabanduka kama ngozi ya nyoka. Mtoto akaamua kwamba Karani angependa lile gumu lenye nyuzi.

Na nyuzi ngumu katika nchi hii ni katani. Msomaji wangu wa Bungoma au wa Machakos, ambaye mkonge kwako ni ua wa boma tu, yafaa ujue kwamba mmea huo si wa hapa. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893 kutoka Florida, miche 1,000, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 yalitoka mashamba makubwa ya Tanga, kisha mkonge ukaenea kwetu. Sasa huko Ulaya na Marekani watu hununua madukani nguzo za paka zilizozungushiwa kamba ya katani, tena kwa bei ambayo ningeona haya kuitaja mbele ya mkulima. Kamba hiyo yaweza kuwa imetoka hapa kwetu.

Tulinunua vitu vyetu Kawangware, ambako fundi mbao mmoja alikuwa wazi ingawa ni Jumapili. Nilimwomba kipande cha mkaratusi mkavu, unene wa sentimita kumi, na mbao za saipresi za kutosha kitako. Akauliza, "Ni stuli, mzee?"

"Ni ya paka."

Akazima msumeno wake ili asikie vizuri. "Ya paka, mzee?"

"Ya kukwaruza."

Aliita mwenzake aje asikie. Walicheka kwa adabu, lakini walicheka. Kisha yule mwenzake, kijana mwembamba mwenye penseli sikioni, akasema jambo la maana sana: "Kitako kiwe kipana, mzee. Paka akivuta kitu kikatikisika, hatarudi." Akanikatia mbao zisizotiwa dawa ya mchwa, kwa kuwa paka hulamba nyayo zake. Mti wenyewe ulisafiri mpaka Kangemi juu ya boda boda, mimi nimeukumbatia, na Nekesa nyuma yangu amenikumbatia mimi.

Nilikata mti sentimita themanini, kwa kuwa Karani akisimama kwa miguu ya nyuma na kujinyosha hufika sabini. Nikapiga msasa. Kitako nilikifanya kwa tabaka mbili za mbao, moja ikipita juu ya nyingine kwa kukingamana, kila upande sentimita thelathini. Nikatoboa kwa keekee, nikaingiza skrubu nne ndefu kutoka chini. Nikausimamisha. Ulikuwa mzuri kweli. Nikausukuma kwa kidole, ukaanguka juu ya sufuria.

"Kipana, mzee," akasema bibi yangu kutoka jikoni. Nekesa alikuwa amemsimulia kila kitu.

Basi nikavunja, nikaanza upya kwa sentimita sitini kila upande, nikafunga na jiwe bapa la njia chini ya kitako. Safari hii hata nikiuegemea hautikisiki. Saa tisa ilikuwa imepita.

Kisha kamba. Hapa nakiri kosa langu wazi ili wewe usilirudie. Katika duka la vifaa vya ujenzi muuzaji aliniuliza nataka mita ngapi, nami, kwa kuona haya kusimama na kuhesabu mbele ya watu, nikasema, "Kumi na tano." Tulipaka gundi ya mbao, tukapigilia mwanzo wa kamba kwa msumari uliozamishwa kichwa, tukaanza kuzungusha, mimi nikivuta na Nekesa akisukuma kila mzingo ukae juu ya mwenzake bila nafasi. Tulipofika nusu ya mti, kamba ikaisha.

Mtoto alileta daftari lake la hesabu. Mti una kipenyo cha sentimita kumi. Kamba ina unene wa sentimita moja. Kwa hiyo katikati ya kamba mzingo una kipenyo cha sentimita kumi na moja. Zidisha kwa 3.14, utapata sentimita thelathini na nne na nusu kwa kila mzingo. Mti ni sentimita themanini, basi mizingo ni themanini. Jumla ni mita ishirini na saba na nusu, na kidogo. "Wewe ulinunua ya mizingo arobaini na mitatu," akaniambia, bila kunihurumia.

Nilikimbia dukani, nikanunua mita kumi na mbili nyingine. Walikuwa wakifunga. Nikarudi, tukaunga, tukakata ncha zilizofumuka, tukaendelea mpaka giza likaingia na mikono yangu ikawa na malengelenge. Ilibaki mizingo mitatu juu kabisa. Mita moja tu ya kamba! Duka limefungwa, jirani hana, na mti umebaki na shingo tupu mahali pale pale ambapo paka hushika kwanza.

Nikasema tuache hivyo. Bibi yangu hakujibu. Alikwenda chumbani, nikasikia mlango wa kabati. Akarudi na kile kikapu cha mama, akakiweka mezani, akaanza kufungua kamba yake fundo kwa fundo, asikate. Kamba ile ni nyembamba kuliko ya dukani, nayo haikulingana, hapa nene hapa nyembamba, kama zilivyo kamba zote zilizosokotwa pajani. Ilitosha mizingo mitatu na nusu ikawa minne. Aliizungusha mwenyewe, akapigilia msumari wa mwisho. Juu yake tuliweka kibao cha kukalia, na juu ya kibao kipande cha blanketi.

Nilitaka kuuweka mti huo nyuma ya mlango, usionekane na wageni. Niliuweka, Karani akapita akaenda moja kwa moja kwenye sofa. Nekesa akanikumbusha niliyosoma mwenyewe usiku. Tukauleta mbele, kando ya ile pembe ya kulia, palipo na haki yake. Karani akaunusa chini. Akaunusa katikati. Kisha akaenda zake kulala juu ya kofia yangu ya kanisani.

Gharama zote, pamoja na kitako cha kwanza kilichoharibika, hazikufika shilingi elfu tatu. Anayejua kuhesabu kabla ya kununua atatumia pungufu.

Jumatatu niliamka saa kumi na moja u nusu kwa sauti ya kukwaruza. Nililala kimya nikisikiliza, nikijaribu kutambua kwa sauti kama ni kitambaa au ni katani. Bibi yangu alikuwa amekwisha kuondoka kitandani. Nilimkuta amesimama sebuleni gizani, kanga mabegani, hajawasha taa. Karani alikuwa amejinyosha urefu wake wote juu ya ule mti, miguu ya mbele imefika kule juu kwenye kamba nyembamba, anavuta, anaachia, anavuta tena. Nyuzi mbili tatu zilianguka sakafuni. Alipomaliza alipanda kibaoni, akakaa akatutazama kama mkubwa wa ofisi atazamavyo watu waliochelewa.

"Mpigie simu ndugu yangu," akasema bibi yangu, "umwambie asipite."

Pembe mbili za sofa bado zina ndevu, na fundi wa njia ya Ngong ataka fedha nyingi kubadili kitambaa. Tungali tukijadiliana juu ya nani atalipa. Mguu wa kiti cha jikoni nimeutia Jumanne, kwa kutumia kile kipande cha mkaratusi kilichobaki.

Juma lijalo, Mungu akipenda, ni viazi.